Dar hadi Stockholm kupitia Amsterdam: saa kumi za kwenda, usiku mmoja wa kurudi

Ndege za usiku kutoka Dar es Salaam na Nairobi hutua Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, asubuhi, na anayeunganisha kwenda Stockholm, Oslo au Copenhagen mara nyingi huachiwa nusu siku nzima kabla ya ndege ya pili. Wengi huimaliza kwenye viti vya uwanja wakichaji simu. Hata hivyo, msafiri wa Skandinavia ana nafasi nzuri ya kutoka kuliko wasafiri wengine, kwa sababu ya mpaka. Sweden na Uholanzi zote zimo Schengen, eneo la nchi za Ulaya zisizokaguana pasipoti mipakani mwao, kwa hiyo pasipoti hukaguliwa Schiphol hapohapo, na ndege ya kwenda Stockholm huhesabika kama ya ndani. Utake usitake, ukishuka Amsterdam utapita uhamiaji. Kutoka nje kwenda mjini hakukugharimu kitu cha ziada kwenye viza, hata kama viza yako ni ya kuingia mara moja tu.

Anayeunganisha kwenda London, Toronto au Minneapolis hana bahati hiyo. Yeye hubaki eneo la kimataifa, na akitaka kuuona mji anahitaji viza ya Schengen, ya kuingia mara mbili au zaidi kama anataka kutoka kwenda na kurudi. Raia wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hubanwa zaidi: wao wanahitaji viza ya kupita uwanjani hata kama hawatoki nje ya jengo, isipokuwa wenye viza au kibali cha ukaazi cha nchi kama Marekani, Kanada au Japani.

Kilichoandikwa hapa ni safari ya Dar hadi Stockholm na kurudi. Saa zimeandikwa kwa hesabu yetu, lakini tiketi na vibao vya Ulaya hutumia saa 24: 06:30 ni saa 12:30 asubuhi, 16:30 ni saa 10:30 jioni. Watu wameachwa na ndege kwa kuchanganya hilo tu.

MWEZI MMOJA KABLA: HESABU YA SIKU ZA VIZA

Maombi hupelekwa kwa nchi ya mwisho wa safari, yaani Sweden. Usiku mmoja wa Amsterdam haubadilishi hilo. Ada ya mtu mzima ni euro 90, mtoto wa miaka 6 hadi 11 hulipa 45, na fomu hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla.

Penye kosa la mara kwa mara ni idadi ya siku. Siku ya kuingia na siku ya kutoka zote huhesabiwa, na saa ya Schengen huanza kugonga pale Schiphol. Mwaliko wa Stockholm ukiwa wa kulala usiku 14, na kurudi ukalala usiku mmoja Uholanzi, omba siku 16 na uambatishe tiketi inayoonyesha mapito hayo. Kwenye stika ya viza kuna vitu viwili watu huvichanganya: tarehe ambazo viza ni hai, na idadi ya siku unazoruhusiwa kukaa. Tarehe mara nyingi huwa pana kuliko siku. Ukipewa siku 15 ndani ya mwezi mzima, ni 15 tu. Bima ya matibabu, ambayo lazima ifikie angalau euro 30,000, nayo igharimie siku zilezile, siku za njiani zikiwemo.

Unapochagua tiketi, angalia pengo lisizidi saa 24. Likizidi, nauli huhesabiwa kama umeweka kituo, na mizigo huenda ukalazimika kuichukua Amsterdam badala ya kupita moja kwa moja. Pengo lililo chini ya saa 6 usilitokee nje; hesabu ya siku ya pili itaonyesha kwa nini. Tena safari zote ziwe kwenye tiketi moja. Ukinunua mbili tofauti, ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haina habari na wewe.

SIKU YA KWANZA, ALHAMISI JIONI: DAR ES SALAAM

Jengo la tatu la uwanja wa Julius Nyerere. Kaunta ni mahali pa kuuliza mambo mawili bila haraka. Kwanza, pasi zote mbili za kupandia ndege zitoke hapahapa. Pili, soma lebo ya begi kabla halijaondoka kwenye mkanda: herufi za mwisho wa safari ziwe ARN, ambazo ni Arlanda. Zikisomeka AMS, begi litaishia Schiphol na nusu ya muda wako itapotelea kwenye kulisubiri na kulikabidhi upya.

Mkoba wa mkononi ndio utakaotembea nao mjini, basi upange kwa akili hiyo: koti, kofia, soksi nzito, mswaki, dawa, adapta ya plagi (Uholanzi hutumia miguu miwili ya duara, si yetu mitatu), chupa tupu ya maji. Daraja la kawaida la KLM, shirika la ndege la Uholanzi, huruhusu mkoba mmoja na kimfuko kidogo, jumla kilo 12. Karatasi ya mwaliko, hoteli na tiketi ya kurudi ziwe humo humo, kwa sababu ofisa wa mpaka ataziulizia Schiphol wakati begi kubwa liko tumboni mwa ndege.

Vyakula vinahitaji uangalifu. Forodha ya Ulaya hukagua mkoba wa mkononi kwenye uwanja wa kwanza wa kuingilia, na begi kubwa kwenye uwanja wa mwisho. Nyama na maziwa haviingii: si nyama kavu ya biltong, si sambusa za nyama, si samli ya bibi. Samaki wakavu wanaruhusiwa hadi kilo 20, kwa hiyo dagaa wanapita. Kwenye matunda, ndizi, nanasi, nazi na tende hupita bila cheti cha afya ya mimea. Embe, parachichi na machungwa hutakiwa cheti, na msafiri wa kawaida hana. Kikapu cha embe kwa ajili ya shangazi wa Stockholm kitaishia pipani.

Pafyumu au chupa ya zaidi ya mililita 100 usiinunue kwenye duka la uwanjani Dar kama unataka kwenda mjini. Utarudi kupitia ukaguzi wa usalama wa Schiphol kama abiria anayetoka nyumbani, na hapo mfuko wa plastiki uliofungwa dukani si kinga ya kuaminika.

Kadi ya benki: piga simu benki ifunguliwe kwa matumizi ya nje ya nchi, na iwe na alama ya mawimbi ya kugusisha. Kadi ya mtandaoni ya M-Pesa inafaa kununulia tiketi za makumbusho kwenye intaneti ukiwa bado Dar, lakini haina plastiki ya kugusisha kwenye geti la treni. Beba na euro chache taslimu, ila zisiwe tegemeo. Maduka mengi ya Amsterdam hayapokei noti kabisa.

Safari ni ya usiku mzima. Lala. Filamu zipo kila ndege, usingizi wa kesho haupo.

SIKU YA PILI, IJUMAA: SAA KUMI ZINAZOBAKI TANO NA NUSU

Saa 12:30 asubuhi. Magurudumu yanagusa lami, na hapo ndipo wageni huanza kuhesabu saa zao. Ni mapema mno. Schiphol ina njia ya kurukia iitwayo Polderbaan, iliyofunguliwa 2003, mbali sana na jengo. Ukitua huko, ndege hutambaa dakika 10 hadi 20, ikivuka barabara kuu ya magari kwa daraja. Uwanja mzima umekaa mita tatu hivi chini ya usawa wa bahari, juu ya sakafu ya ziwa la Haarlemmermeer lililokaushwa kwa pampu za mvuke kati ya 1849 na 1852.

Kushuka kunachukua dakika 15 au 20. Kisha uhamiaji, na hapa pana njia panda ya kuangalia. Vibao vya njano vinavyoelekeza kwenye mageti ya kuunganisha vitakupeleka kwenye ukaguzi wa usalama na ndani ya ukumbi wa Schengen. Wewe unataka kutoka: fuata alama ya kuwasili na mizigo. Foleni ni ya pasipoti zote, si ile ya raia wa Ulaya. Wanaosimamia ni Koninklijke Marechaussee, polisi wa kijeshi, na maswali yao ni mafupi: unakwenda wapi, kwa nani, siku ngapi, unarudi lini. Ukisema unakwenda Stockholm jioni na mchana utatembea mjini, ni jibu la kawaida kabisa.

Tangu Oktoba 2025 Ulaya ilianza kuingiza mfumo wa kielektroniki wa kuingia na kutoka badala ya mihuri. Mara ya kwanza unapigwa picha ya uso, na alama za vidole ulizotoa wakati wa viza hulinganishwa na vidole vyako. Usajili huo huongeza dakika kwa kila mtu aliye mbele yako. Asubuhi ambapo ndege za Afrika, Asia na Marekani zimetua pamoja, saa nzima ya foleni si ajabu.

Saa 2:00 asubuhi. Ukumbi wa Schiphol Plaza. Makabati ya kuhifadhia mizigo yako chini ya ardhi, kati ya kumbi za kuwasili namba 1 na 2. Hulipiwa kwa kadi. Acha mkoba, baki na pasipoti, pasi ya ndege, simu, kadi na koti. Usiupuuze uzito huu: makumbusho makubwa hayapokei mabegi ya safari hata kwenye chumba chao cha makoti.

Stesheni ya treni iko chini ya miguu yako, ndani ya jengo hilohilo. Hakuna haja ya kupanga foleni ya tiketi. Gusisha kadi ya benki kwenye mashine ya geti, panda, na ukifika gusisha tena kutokea. Mambo manne hapa huwakamata wageni:

Ukigusisha kuingia ukasahau kugusisha kutokea, unakatwa kiasi kikubwa kuliko nauli. Kadi ya plastiki na kadi hiyohiyo ndani ya simu ni vitu viwili tofauti machoni mwa mashine, kwa hiyo ukiingia na simu, toka na simu. Kila mtu mzima awe na kadi yake. Mume na mke hawawezi kushirikiana moja. Na watoto wa miaka 4 hadi 11 wanaofuatana na mkubwa hununuliwa tiketi ya bei ndogo iitwayo Railrunner kwenye mashine, chini ya miaka minne bure.

Soma ubao vizuri kabla ya kupanda. Treni nyingine huenda Amsterdam Zuid, kusini mwa mji, badala ya Amsterdam Centraal. Asubuhi unataka Centraal: dakika 15 hadi 17, nauli ya daraja la pili haifiki euro 8. Mabehewa yenye namba 1 kubwa ubavuni ni ya daraja la kwanza, na kadi ya kugusisha hulipia la pili tu. Maneno "rijdt niet" kwenye ubao maana yake treni hiyo haiendi leo. Njia ikiwa imefungwa kwa matengenezo, ambayo hupendelea mwisho wa wiki, panda basi namba 397 nje ya Plaza. Hukufikisha Museumplein, uwanja wa makumbusho, kwa nusu saa hivi na unaanza mzunguko kutokea kusini. Na mkoba wako uwe mapajani, si juu ya kiti. Wezi wa treni hii hunyakua mlango unapofunga.

Saa 2:30 asubuhi. Centraal. Jengo la matofali mekundu lililofunguliwa 1889, kazi ya msanifu Pierre Cuypers, ambaye pia alichora ramani ya Rijksmuseum, jumba la makumbusho la taifa unakokwenda. Lipe mgongo ufuate Damrak moja kwa moja. Barabara hiyo ina maduka ya zawadi yasiyokuwa na maana, pita tu. Dakika kumi unafika uwanja wa Dam na kasri ambalo lilianza kujengwa 1648 kuwa ukumbi wa jiji. Limesimama juu ya nguzo 13,659 za miti zilizozamishwa kwenye tope. Sehemu kubwa ya mji wa kale iko hivyo. Mti ukikaa majini daima hauozi. Maji ya ardhini yakishuka ukapata hewa, kuvu huuingia na nyumba huanza kulala upande. Ndiyo maana hapa kina cha mifereji huangaliwa kila siku.

Kutoka nyuma ya kasri fuata Raadhuisstraat kuelekea magharibi. Utavuka mifereji minne kwa mfuatano: Singel, Herengracht, Keizersgracht, Prinsengracht. Mitatu ya mwisho ilichimbwa karne ya 17, na eneo lote liko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2010. Saa hizi za asubuhi ndiyo wakati wake: watalii bado wamelala, waendesha baiskeli wanakimbilia kazini. Simama kwenye daraja moja uangalie vilele vya nyumba. Karibu kila moja ina boriti fupi iliyochomoza juu ya dirisha la dari, na chini yake ndoano ya chuma. Ngazi za ndani ni nyembamba na zimesimama wima, kitanda hakipiti. Fanicha bado huvutwa kwa kamba kutoka nje na kuingizwa dirishani. Nyumba nyingi zimejengwa zikiinama mbele kidogo, ili mzigo unaopanda usigonge ukuta.

Njia ya baiskeli, ambayo kwa kawaida ina lami nyekundu, si mahali pa kusimama kupiga picha. Hawapunguzi mwendo. Hili ndilo linalowaumiza wageni Amsterdam kuliko wizi.

Prinsengracht namba 263 ni nyumba ya Anne Frank, msichana Myahudi aliyeandika shajara akiwa amejificha Wanazi. Tiketi hazipatikani mlangoni. Hutolewa mtandaoni kila Jumanne kwa ziara za wiki sita mbele, na huisha haraka. Kama hukupata, pita, usipoteze nusu saa ukitumaini. Geuka kushoto ufuate ukingo wa Prinsengracht kuelekea kusini hadi Leidseplein, kisha Museumplein. Kutoka Centraal ni kilomita tatu na nusu hivi, mwendo wa saa moja na ushee ukiwa na mapumziko ya kahawa. Kahawa inywewe kwenye "café" au "koffiehuis". Penye bango la "coffeeshop" huuzwa bangi. Ukiibeba hadi Sweden utakutana na sheria isiyo na utani.

Disemba na Januari mpango huu una kasoro: jua huchomoza karibu saa 2:45 asubuhi na kuzama saa 10:30 jioni, hivyo sehemu ya kwanza utaitembea gizani. Juni ni kinyume, mwanga upo tangu saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku.

Saa 4:00 asubuhi. Rijksmuseum. Hufunguliwa kila siku ya mwaka, saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni. Tiketi ya mtu mzima ni zaidi ya euro 20, walio chini ya miaka 18 bure, na muda wa kuingia huchaguliwa mtandaoni. Chagua saa 4, si saa 3: foleni ya uhamiaji ikirefuka una nafasi ya kupumua.

Usijaribu kuona kila kitu. Panda ghorofa ya pili, Jumba la Heshima, uende hadi mwisho kwenye picha ya mchoraji Rembrandt ya 1642, De Nachtwacht, yaani Lindo la Usiku. Tangu 2019 wataalamu wamekuwa wakiichunguza mbele ya wageni, ndani ya chumba cha kioo. Tazama upande wa kushoto jinsi watu walivyobanwa ukingoni. Mwaka 1715 picha ilihamishiwa kwenye ukumbi wa jiji, lile kasri ulilolipita asubuhi. Haikuenea mahali ilipotakiwa kuning'inia kati ya milango miwili, wakaikata pande zote nne. Vipande vilivyokatwa havijaonekana tena. Baada ya hapo tazama picha za Vermeer, mchoraji mwingine wa karne hiyo, na ukibakiwa na muda, chumba cha meli. Choo kitumie humu, ni bure, mjini hulipiwa.

Saa 6:15 mchana. Tembea dakika 10 hadi 15 kuelekea mashariki mpaka soko la Albert Cuyp, lililopo tangu 1905. Jumapili limefungwa. Hapa kuna chakula cha kuonja ukiwa umesimama: haring, samaki mbichi aliyelazwa kwenye chumvi, pamoja na vitunguu na matango ya siki, stroopwafel ya moto, mikate miwili myembamba yenye shira katikati, ikatwe mbele yako na si ya pakiti. Anayetaka mlo wa kushiba aende kwa Wasuriname, watu wenye asili ya Suriname ya Amerika Kusini. Roti yao ni chapati laini yenye dengu ndani, huletwa na mchuzi wa kuku, viazi, yai na maharage marefu, na mtu wa pwani hatahitaji maelezo ya namna ya kuila. Migahawa yao mingi, na ya Waturuki na Wamoroko, huuza nyama halali. Uliza tu kaunta.

Kwa makumbusho, nauli zote na chakula, euro 60 kwa mtu mmoja zinatosha bila kujinyima.

Saa 8:00 mchana, hata kama bado una hamu. Stesheni ya metro ya De Pijp iko mwanzo wa soko. Panda namba 52 kuelekea Zuid, vituo viwili. Zuid gusisha kutoka metro, gusisha kuingia treni, na dakika saba hivi uko Schiphol. Huu ndio uzuri wa mzunguko: huna haja ya kurudi Centraal.

Hesabu ya kurudi nyuma ni hii. Ndege saa 10:30 jioni. Uwe getini saa 9:50. Kutembea hadi geti, dakika 20. Ukaguzi wa usalama, dakika 30 siku nzuri na zaidi ya hapo Ijumaa. Kuchukua mkoba kabatini, dakika 15. Hiyo ni saa 8:45; toa robo saa nyingine kwa ajili ya Ijumaa, kwa hiyo saa 8:30 uwe unakanyaga Plaza. Unaweza kuweka nafasi ya ukaguzi wa usalama bure kwenye tovuti ya Schiphol siku chache kabla, fanya hivyo. Kompyuta na vimiminika hubaki ndani ya mkoba, mashine zao huona ndani. Uhamiaji hakuna tena, geti la Stockholm ni la B, C, D au M. Na usisubiri kuitwa kwa kipaza sauti: Schiphol haitangazi ndege ukumbini, unasoma ubao.

Ukichelewa kwa sababu ulikuwa mjini, kosa ni lako kisheria, na balaa haliishii hapo. Asiyetokea kwenye kipande kimoja cha safari kwa kawaida hufutiwa vipande vyote vinavyofuata, wa kurudi Dar ukiwemo.

SIKU YA KURUDI, JIONI: LEIDEN BADALA YA AMSTERDAM

Ndege ya Stockholm inatua saa 10 alasiri, ya Dar inaondoka kesho saa 4 asubuhi. Saa 18, chini ya 24, begi limepita na lebo ya DAR. Huku hakuna uhamiaji wa kuingia; dakika 20 baada ya kushuka uko Plaza.

Kwa jioni moja, panda treni upande wa pili, kuelekea Leiden Centraal. Ni dakika 15 hadi 20, na mji una mifereji ileile bila msongamano. Kinu cha upepo cha De Valk, cha 1743, kiko mwendo wa dakika tano kutoka stesheni. De Burcht, kilima cha ngome ya kale katikati ya mji, hupandwa bure na huonyesha mapaa yote. Rembrandt alizaliwa hapa 1606. Chuo Kikuu cha Leiden kimefundisha Kiswahili kwa miongo mingi, na kituo chake cha masomo ya Afrika, kilichoanzishwa 1947, kina maktaba yenye vitabu vya Kiswahili ambavyo Dar kuvipata ni kazi. Fika siku ya kazi kabla ya kufungwa, yaani labda kwa anayetua mapema zaidi. Maduka hufungwa saa 12 jioni, isipokuwa Alhamisi.

Kulala: hoteli ndani ya jiji la Amsterdam hutozwa kodi ya wageni ya asilimia 12.5 juu ya bei ya chumba, na mara nyingi haimo kwenye bei uliyoona kwanza. Schiphol iko wilaya nyingine, Haarlemmermeer, yenye kodi yake. Kuna hoteli za kutembea kwa mguu kutoka Plaza, na nyingine zenye basi la bure. Mwenye viza inayoisha usiku huo ana njia ya tatu: apite uhamiaji wa kutoka jioni hiyohiyo na alale hoteli ya YOTELAIR au Mercure, zilizo ndani ya eneo la kimataifa. Kwenye kumbukumbu atakuwa ameshaondoka Schengen kabla ya usiku wa manane. Asisahau kuchukua chakula kwenye duka la Albert Heijn la Plaza kwanza, ndani bei ni nyingine.

Treni za usiku kati ya Leiden, Schiphol na Amsterdam hupita takriban kila saa, kwa hiyo kukwama si rahisi.

ASUBUHI YA MWISHO

Saa 1:30 asubuhi uwe ukumbi wa kuondokea. Mwenye risiti za kurudishiwa kodi ya manunuzi, kwa Uholanzi kuanzia euro 50 kwa duka moja, apite dawati la forodha kabla ya ukaguzi. Vitu vilivyonunuliwa Sweden na kuwekwa kwenye begi kubwa vilitakiwa kuonyeshwa Arlanda kabla begi halijakabidhiwa. Schiphol hugongewa vile tu vilivyo mkononi. Kisha usalama, kisha uhamiaji, ambapo mfumo mpya hulinganisha uso na kuhesabu siku ulizokaa. Mageti ya Afrika huwa E au F, wakati mwingine D au G. Vibao vya njano huandika dakika za kutembea, na dakika hizo ni za mtu asiyesimama madukani. Chumba cha maombi na ukimya kipo Holland Boulevard, kati ya E na F, kwa anayetaka kuswali kabla ya kupanda.